Said Mwema

Said Ally Mwema ni ofisa mstaafu wa Jeshi la Polisi Tanzania. Alikuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, cheo kinachofahamika zaidi kwa kifupi chake IGP, kuanzia mwaka 2006 hadi mwisho wa mwaka 2013. Alipokea madaraka kutoka kwa Omari Mahita na kumwachia Ernest Mangu. Kabla ya hapo aliongoza ofisi ya kanda ya Interpol jijini Nairobi, nchini Kenya. Baada ya kustaafu aliteuliwa mara mbili kuwa mjumbe wa tume za rais zilizohusu kazi ileile aliyoifanya maisha yake yote: mwaka 2023 katika tume ya kuboresha taasisi za haki jinai, na mwaka 2025 katika tume ya kuchunguza ghasia za uchaguzi mkuu.

Anakumbukwa hasa kwa kuanzisha polisi jamii na kwa kauli ya "utii wa sheria bila shuruti". Hata hivyo, miaka yake nane ilikuwa pia miaka ambayo raia waliuawa katika maandamano na mikutano iliyozuiwa na polisi, likiwemo tukio la Songea mkoani Ruvuma mwaka 2012. Ni vigumu kueleza utumishi wake kwa kutaja upande mmoja tu.

Nafasi ya IGP

Tanzania haina polisi wa majimbo wala wa mikoa. Kuna jeshi moja la polisi kwa Tanzania Bara na Zanzibar, kwa kuwa polisi ni jambo la Muungano katika Katiba ya mwaka 1977. Mkuu wake ni IGP anayeteuliwa na rais. Chini yake wapo makamishna, kisha makamanda wa mikoa wanaoitwa RPC, wakuu wa polisi wa wilaya wanaoitwa OCD, na wakuu wa vituo. Amri inashuka kwa mstari mmoja kutoka makao makuu mpaka kwa konstebo aliye kituoni. Ndiyo maana risasi inayopigwa katika kijiji cha mbali huulizwa kwa IGP, hata kama hakujua lolote siku hiyo.

IGP hapewi muhula maalumu. Harun Mahundi alishika nafasi hiyo kwa miaka 12, kuanzia 1984 hadi 1996, na Mahita aliyemfuata kwa miaka 10.

Interpol Nairobi

Ofisi ya Interpol ya Nairobi inahudumia nchi za Afrika Mashariki na ndiyo sekretarieti ya umoja wa wakuu wa polisi wa kanda hiyo, EAPCCO, ulioanzishwa mjini Kampala mwaka 1998. Watu wengi huidhani Interpol kuwa polisi wa dunia wenye askari wao wa kukamata watu. Sivyo. Interpol hupitisha taarifa kati ya polisi wa nchi mbalimbali: gari lililoibwa Nairobi na kuonekana Arusha, silaha ndogo zinazovuka mipaka, dawa za kulevya, mtu anayetafutwa kwa notisi nyekundu. Anayekamata ni polisi wa nchi husika kwa sheria ya nchi hiyo.

Kazi ya namna hii humzoesha ofisa kutegemea taarifa na ushirikiano kuliko nguvu. Mkuu wa ofisi ya kanda hana kikosi cha kuamrisha, na asipoaminiwa na wenzake hapati kitu. Pengine ndiyo sababu Mwema aliporudi nyumbani alianza na namba za simu.

Hali aliyoikuta mwaka 2006

Rais Jakaya Kikwete aliapishwa Desemba 2005. Wiki chache baadaye, katikati ya Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, na dereva wa teksi waliuawa jijini Dar es Salaam baada ya kukamatwa na polisi. Polisi walisema waliouawa ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Ndugu zao walikataa maelezo hayo, na rais akaunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka. Tume iliona kwamba watu hao hawakuwa majambazi. Maofisa na askari kadhaa walifikishwa mahakamani katika kesi iliyokuja kujulikana kwa jina la mshtakiwa wa kwanza, Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia huru washtakiwa wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja wao na kuthibitisha kuachiwa kwa wengine, Zombe akiwemo.

Mwema aliingia ofisini wakati jambo hilo likiwa bado mdomoni mwa kila mtu. Alikuta pia jeshi lenye sifa ya ubabe. Katika kampeni za mwaka 2000 chama cha CUF kilijinadi kwa neno "ngangari", naye IGP Mahita akajibu kwamba polisi ni "ngunguri". Watu walicheka na maneno yote mawili yakaingia mitaani. Januari 2001 polisi walifyatua risasi kwa waandamanaji wa CUF Pemba na Unguja. Watu waliuawa, na wengine wapatao 2,000 wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, kutoa wakimbizi wake.

Upande wa pili, ujambazi wa kutumia bunduki ulikuwa umepamba moto mijini. Wananchi walitaka polisi wakali dhidi ya majambazi na wapole kwao wenyewe, na serikali mpya ilitaka vyote viwili kwa haraka.

Maboresho

Hatua iliyowashangaza wengi mapema ilikuwa kutangazwa hadharani kwa namba za simu za mkononi za IGP na za makamanda wa mikoa, ili mwananchi mwenye taarifa au malalamiko aweze kupiga au kutuma ujumbe mwenyewe. Kwa mtu aliyezoea kuandikiwa jalada, kuambiwa "njoo kesho" na kuombwa fedha ya mafuta ya gari, haikuwa jambo dogo. Namba hizo zilipita juu ya vichwa vya ngazi zote za katikati.

Mpango mzima ulikuja kuitwa Programu ya Maboresho ya Jeshi la Polisi, na ulisimama juu ya nguzo tatu: weledi, usasa na polisi jamii. Weledi ulihusu mafunzo na nidhamu, usasa ulihusu vitendea kazi, kompyuta na maabara ya uchunguzi. Nguzo ya tatu ndiyo iliyowafikia watu wengi zaidi, nayo imeelezwa katika sehemu inayofuata.

Katika miaka hiyohiyo ulianzishwa mtandao wa polisi wanawake, TPF-Net, mwaka 2007, na baadaye yakafunguliwa madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi. Dawati ni chumba cha pembeni ambako mtu aliyebakwa, mke aliyepigwa au mtoto aliyetendewa ukatili anasikilizwa na askari aliyefunzwa, bila kusimama kaunta na kusimulia mbele ya kila aliyekuja kuripoti kupotelewa na simu. Kati ya mambo yote ya kipindi cha Mwema, hili limedumu na kuenea kuliko mengine. Askari nao walipata chama chao cha akiba na mikopo, URA SACCOS, kilichoanza mwaka 2006. Hoja ilikuwa kwamba askari mwenye mkopo wa kujengea nyumba atakuwa na sababu moja pungufu ya kuomba rushwa barabarani.

Polisi jamii hadi katani

Wazo la polisi jamii ni kwamba uhalifu hujulikana kwanza na majirani, na kwamba polisi hawatoshi. Katika vijiji vya Tanzania wazo hilo halikuwa geni. Sungusungu wa Wasukuma na Wanyamwezi walilinda vijiji vyao tangu miaka ya 1980, na kila kata ilikuwa na mgambo wake na baraza lake. Kilichokuwa kipya ni kumtuma polisi mwenye cheo akae huko huko, awafahamu watu na wamfahamu. Vikundi vya ulinzi shirikishi vilihimizwa mitaani, na maofisa wakaanza kupangiwa tarafa na kata.

Maana ya mpango huu inaonekana vizuri mahali kama Kitura, mojawapo ya kata za wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma. Mbinga ni nchi ya Wamatengo, ya milima, mashamba ya kahawa na mashimo ya ngoro, inayoteremka magharibi hadi Ziwa Nyasa. Mpaka mwaka 2012 wilaya hiyo ilifika ziwani. Ndipo wilaya ya Nyasa ilipomegwa, makao yake yakiwa Mbamba Bay. OCD alikuwa Mbinga mjini. Barabara ya lami kutoka Peramiho hadi Mbinga ilikuwa ikijengwa katika miaka hiyohiyo, na njia za kwenda katani zilibaki za udongo, zenye utelezi wakati wa masika. Katika kata za namna hiyo mtu aliyeibiwa kahawa au mbuzi humwendea kwanza mwenyekiti wa kijiji au mtendaji wa kata. Mtendaji ana mgambo, lakini hana mahabusu wala mpelelezi. Jambo likiwa kubwa, mlalamikaji, mashahidi na pengine mtuhumiwa mwenyewe hulazimika kusafiri pamoja hadi mjini, na mara nyingi kesi hufia njiani kwa nauli. Au watu huamua wenyewe, na hapo ndipo mwizi huuawa.

Askari aliyepangiwa kata alitarajiwa kujaza pengo hilo. Matokeo yalitofautiana sana. Mahali pengine alipata ofisi ndani ya jengo la mtendaji na pikipiki. Mahali pengine alipata jina la kata tu. Vikundi vya ulinzi shirikishi navyo viligeuka tatizo katika baadhi ya mitaa, pale vijana wasiolipwa walipoanza kujilipa kwa kuwatoza watu. Mpango huo haukufa alipoondoka Mwema. Warithi wake waliurudia kwa nguvu zaidi, na katika miaka ya 2020 wakaguzi wasaidizi wa polisi walipangiwa kata nchi nzima kwa jina la polisi kata.

Arusha, Songea na Nyololo

Tarehe 5 Januari 2011 wafuasi wa CHADEMA waliandamana Arusha wakipinga namna meya wa jiji hilo alivyochaguliwa. Polisi, kwa tangazo lililotolewa na IGP mwenyewe, walikuwa wamepiga marufuku maandamano na kuruhusu mkutano wa hadhara pekee. Watu watatu waliuawa kwa risasi, mmoja wao raia wa Kenya, na viongozi wa chama wakakamatwa.

Tukio la Songea halikuhusu chama chochote, na kwa sababu hiyo lafaa kuangaliwa kwa karibu zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2012 mji huo ulikuwa na hofu. Watu walikuwa wakiuawa usiku mmoja baada ya mwingine, na uvumi ukaenea kwamba mauaji hayo ni ya kishirikina. Wakazi waliona polisi hawafanyi lolote. Tarehe 22 Februari 2012 mamia ya watu, wengi wao vijana waendesha bodaboda, waliandamana kwenda kwa viongozi wa mkoa. Walichokuwa wakidai ni ulinzi, yaani walikuwa wakiwataka polisi wafanye kazi yao. Polisi walitumia mabomu ya machozi na risasi za moto, na watu wasiopungua wawili waliuawa.

Kwa mujibu wa polisi jamii, wale waendesha bodaboda ndio hasa waliopaswa kuwa washirika wa kwanza. Wanazunguka usiku, wanajua nani ameingia mtaa gani. Walikuja wenyewe, bila kuitwa, wakapokelewa kama maadui. Miaka sita ya semina na mabango ilikuwa haijafika mkononi mwa askari aliyeshika bunduki, au ilifika na ikasahauliwa dakika umati ulipoanza kusogea. Jeshi lilikuwa na lugha mbili, moja ya mikutano ya ulinzi shirikishi na nyingine ya kikosi cha kutuliza ghasia, na katika dakika za hatari ilisikika ya pili peke yake.

Miezi sita baadaye, tarehe 2 Septemba 2012, mwandishi wa habari wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa katika kijiji cha Nyololo, wilaya ya Mufindi, mkoani Iringa, wakati polisi wakizuia shughuli ya CHADEMA ya kufungua tawi. Picha zilizopigwa na wenzake zilionyesha akiwa amezungukwa na askari kabla ya bomu la machozi kumlipukia mwilini kwa karibu. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo, Emmanuel Nchimbi, ambaye pia alikuwa mbunge wa Songea Mjini, aliunda kamati ya uchunguzi chini ya Jaji Stephen Ihema. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilifanya uchunguzi wake na kuona kwamba polisi walikiuka haki za binadamu. Mwaka 2016 askari mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Hakuna ofisa wa juu aliyeshtakiwa.

Mwaka 2013 ulikuwa mzito kuliko yote. Kulikuwa na vurugu za bomba la gesi Mtwara mwezi Januari na Mei, mauaji ya padri Evarist Mushi Zanzibar mwezi Februari, bomu katika kanisa la Olasiti jijini Arusha mwezi Mei, na jingine katika mkutano wa kampeni wa CHADEMA uwanja wa Soweto, Arusha, mwezi Juni. Mwezi huohuo Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliliambia Bunge kwamba wanaokaidi amri ya polisi watapigwa, kwa kuwa serikali imechoka. Kauli hiyo ilikwenda kinyume kabisa na "bila shuruti" iliyokuwa imeandikwa kwenye mabango ya polisi. Mashirika ya sheria yalimshtaki Waziri Mkuu, lakini Mahakama Kuu haikuendelea na shauri hilo.

Kustaafu na tume za rais

Mwishoni mwa Desemba 2013 Rais Kikwete alimteua Ernest Mangu kuwa IGP, na Mwema akastaafu. Ni kawaida Tanzania kwa wakuu wa vyombo vya ulinzi kupewa kazi nyingine baadaye. Mangu alipelekwa kuwa balozi nchini Rwanda, na Simon Sirro aliyemfuata akawa balozi nchini Zimbabwe. Mwema alikaa kimya hadharani kwa miaka kadhaa.

Januari 2022 mfanyabiashara kijana wa madini aliuawa mkoani Mtwara baada ya kuporwa fedha zake, na maofisa na askari saba wa polisi wakashtakiwa. Ilikuwa vigumu kwa aliyekumbuka mwaka 2006 kutoona kufanana kwake. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua tume ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, mwenyekiti wake akiwa Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman na makamu wake Balozi Ombeni Sefue. Mwema na Mangu walikuwa miongoni mwa wajumbe.

Tume ilizunguka mikoani kusikiliza wananchi na kukabidhi ripoti Julai 2023. Ilipendekeza Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa huduma ya polisi, yaani chombo cha kuhudumia raia badala ya jeshi. Kenya ilikuwa imefanya hivyo kwa Katiba ya mwaka 2010, na ikaunda pia mamlaka huru ya kuwasimamia polisi. Tume ilipendekeza pia ofisi ya taifa ya upelelezi iliyo nje ya polisi, kwa namna inayokaribia FBI ya Marekani, ili anayekamata asiwe yeye yule anayepeleleza. Iligusa vilevile mamlaka ya wakuu wa mikoa na wilaya ya kuwaweka watu ndani kwa saa 48, ambayo iliona yanatumiwa vibaya.

Mapendekezo hayo yalikwenda mbali kuliko programu ya mwaka 2006. Programu ya Mwema ilijaribu kubadili tabia ya askari ndani ya muundo uleule. Tume aliyokaa ilisema muundo wenyewe ubadilishwe. Kwa kuwa sahihi ya IGP wawili wastaafu ilikuwa chini ya ripoti, haikuweza kupuuzwa kama maneno ya watu wasioijua kazi.

Baada ya ghasia na mauaji yaliyoambatana na uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambapo intaneti ilizimwa na amri ya kutotembea usiku ikatangazwa Dar es Salaam, Rais Samia aliunda tume nyingine Novemba 2025. Mwenyekiti alikuwa tena Jaji Chande Othman, na Mwema akateuliwa tena kuwa mjumbe, pamoja na Sefue, Jaji Mkuu mstaafu Ibrahim Juma na wengine. Vyama vya upinzani na watetezi wa haki za binadamu walihoji uhuru wa tume iliyoteuliwa na serikali ambayo vyombo vyake ndivyo vilivyokuwa vikilaumiwa. Idadi ya waliouawa ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa zaidi tume hiyo ilipoanza kazi.